Lile jua la mashariki: kwa walimu wapya wa insha

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha aliniomba nimpitishie macho rundo la insha za kidato cha pili. Mada ilikuwa ajali ya barabarani. Daftari la kwanza: "Jua lilikuwa limechomoza upande wa mashariki na ndege walikuwa wakiimba nyimbo tamutamu." La pili, jua lilelile. La tisa, jua na ndege wake, na ajali yenyewe imetokea saa tano usiku! Kumuuliza, akanionyesha kwa fahari chati aliyobandika ukutani: misemo 60 ya kupamba insha. Mwanangu, bidii yako naipenda. Lakini chati hiyo naijua, hata mimi nilikuwa na yangu.

1. Ibandueni. Mwaka wangu wa pili kazini, kila Ijumaa wanafunzi walinikariria misemo kumi. Nyuma ya darasa aliketi mvulana mmoja mkimya. Niliwapa insha ya "Siku ambayo sitaisahau". Yeye aliandika jinsi alivyotumwa kusagisha mahindi mamake akiwa mgonjwa. Pesa zilipungua shilingi tano, mwenye kinu akamsagia nusu, nusu nyingine akarudi nayo ikiwa punje. Alipofika nyumbani alikuta viti vya majirani vimepangwa uani. Insha iliishia hapo, ukurasa mmoja na robo.

Nilishika kalamu nyekundu nikaandika: "Fupi. Methali ziko wapi? Tashbihi ziko wapi?" Nikampa 6 kwa 20, mwanzo kabisa wa kiwango cha C. Kisha nikaisomea darasa zima kama mfano wa insha kavu. Naye ameketi palepale.

Insha yake iliyofuata ilijaa kurasa tatu. Jua, ndege, na "nilifurahi mithili ya tasa aliyejifungua pacha". Nikampa 14 na kumwandikia "Umeimarika!"

Muhula uliofuata ndipo mwalimu wa darasa aliponiambia kijana yule hana mama. Nililitafuta lile daftari, nikavisoma tena vile viti. Nilimwita, nikamwomba radhi. Akasema, "Ni sawa, mwalimu." Hadi anamaliza kidato cha nne hakuandika tena neno lolote kuhusu kwao.

Sisemi tashbihi ni mbaya; lugha yetu ni tajiri kwazo. Mtoto apate la kusema kwanza.

2. Katika karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne nchini Kenya, swali la kwanza ni la lazima, na muundo wa barua, hotuba au kumbukumbu za mkutano hauhitaji kipaji. Wafundisheni hadi waandike wakisinzia.

3. Kisa cha methali kioneshe pande zote mbili za methali, tendo na matokeo yake. Na hakikisheni wameielewa kabla ya kalamu kugusa karatasi. "Mchumia juani hulia kivulini": nimesoma visa vingi vya watu waliochuma, wakaketi chini ya mwembe na kububujikwa na machozi. Hakuna aliyewaambia watoto hao kwamba hulia hapo ni kula.

4. Msitie wekundu kila kosa la hijai, yaani la tahajia. Chagueni kosa moja kwa kila insha.

5. Andikeni nao. Karatasi ya kwanza ya KCSE ina dakika 105 kwa insha mbili, nanyi mnaifundisha bila kuijaribu tangu mlipoifanya wenyewe. Tunatoa mada, tunakusanya madaftari, tunarudisha alama. Mwanafunzi anaona insha ikianza na ikiisha. Hajawahi kuona mtu mzima akikwama katikati, akifuta sentensi na kuanza upya. Basi anadhani kukwama ni ujinga wake peke yake, anakimbilia jua.

Siku hizi naandikia ubaoni. Juzi nilikuwa nawasimulia siku niliyoripoti kazini mara ya kwanza, nikafuta mwanzo mara tatu, nikabaki nimeshika chaki. Darasa likanyamaza. Msichana wa dawati la mbele akainua mkono.

"Mwalimu, si ulisema ulikuta lango limefungwa? Anzia hapo langoni."

Nikaanzia hapo.