Nimeandika Kiswahili, inatoka Kizungu

SWALI: Fundi shikamoo. Nina fomu ya Laravel (mfumo wa kutengenezea tovuti kwa lugha ya PHP) watu wanatuma CV za PDF, nimeshaweka ujumbe wa cv.max (wa faili likizidi ukubwa) kwa Kiswahili kabisa, lakini mtu akituma faili la MB 5 bado inatoka "The cv failed to upload." Nakosea wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Wala hujakosea, hilo faili linagonga mwamba kabla hata max haijaangaliwa, maana PHP yenyewe isipoguswa inaruhusu MB 2 tu kwa faili moja, sasa Laravel ikiona faili halijafika salama inatoa ujumbe wa uploaded, sio wa max. Kwa hiyo pale kwenye messages() ongeza:

'cv.uploaded' => 'CV yako haijafika, huenda ni kubwa mno. Mwisho MB 2.'

Halafu kwenye php.ini (faili la mipangilio ya PHP) pandisha upload_max_filesize iwe 10M, post_max_size iwe 12M, uwashe seva upya, hapo ndo cv.max yako itaanza kuongea. Na max inahesabu kilobaiti eti, MB 2 ni max:2048, ukiandika max:2 hata barua ya mistari mitatu itakataliwa (yalinikuta, nikalaumu bando).