Kiti Kimoja Bungeni na Haki ya Kutoa Mimba

SWALI: Mhariri, ninaishi Marekani na ninatetea haki ya mwanamke kutoa mimba. Je, kuna haja ya kuwaunga mkono wagombea wa ngazi ya jimbo, ilhali macho yote yako kwa rais?

JIBU: Ndugu msomaji, haja ipo, tena kubwa. Mahakama ya Juu ilipoibatilisha hukumu ya Roe dhidi ya Wade, iliyokuwa ikilinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, Juni 24, 2022, uamuzi kuhusu utoaji mimba ulirudishwa majimboni. Tazama North Carolina: mwezi Mei 2023, Gavana Roy Cooper aliukataa kwa kura ya turufu mswada wa kupiga marufuku utoaji mimba mwingi baada ya wiki 12, lakini Baraza la Wawakilishi la jimbo likamshinda kwa kura 72 dhidi ya 48, yaani tatu ya tano kamili inayohitajika kuishinda kura ya turufu, bila ziada ya kura hata moja, kwa kuwa mwezi uliotangulia mbunge mmoja alikuwa amehama chama cha Democratic na kujiunga na Republican, chama kilichounga mkono mswada huo. Kiti kimoja tu! Jambo hilo linaniuma hadi leo. Kwa hiyo, kabla ya kuchangia, mtake mgombea aseme waziwazi atapigaje kura, na usiwasahau majaji wanaochaguliwa na wananchi, kama wale wa jimbo la Wisconsin.