Huo mwaka mmoja wa kutafakari ufute leo, mkuu

Mkuu, nimesoma uzi wako mara mbili na zote nimekwama palepale: "Nimejipa mwaka mmoja nitafakari, nikijisikia tayari nitabatizwa." Umeuliza uchague dhehebu gani, uanze na kitabu gani cha Biblia, na uwafanyeje rafiki zako wanaokucheka. La kitabu nitalifikia. Kwanza huo mwaka.

Mimi nilijipa miezi mitatu. Ikazaa miaka saba.

Miaka saba nakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Mchungaji akiita wanaotaka kumpa Yesu maisha yao wapite mbele, mimi nainama kama naokota kitu. Nimeokota sana. Kama vingekuwa vitu kweli, leo ningekuwa tajiri.

Aliyeniponza ni mzee mmoja wa kanisa, mpole, anaongea taratibu mpaka unajisikia mkosaji kwa kuwa na haraka. Nilimfuata nikiwa nimeshaiva kabisa, nataka kuandikishwa darasa la ubatizo wiki ileile. Akaniwekea mkono begani: "Usikurupuke kijana. Subiri upate amani kamili, Mungu atakupa ishara." Jamani! Mtu mwoga ukimwambia asubiri ishara umempa likizo. Nikaanza habari za Gideoni, yule wa kwenye Biblia aliyemwomba Mungu ishara kwa ngozi ya kondoo. Lakini kasome Waamuzi 6 vizuri: Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya, akaomba mara mbili, usiku mmoja ngozi ilowe, wa pili ikauke, kisha akaenda vitani. Siku mbili! Ngozi yangu mimi ilikaa nje mpaka ikaota ukungu.

Kwa nini yule mzee hakunionyesha Feliki, yule liwali wa Kirumi? Matendo 24. Paulo anamweleza habari za haki, kiasi na hukumu, liwali anaingiwa na hofu, halafu anasema nenda zako kwa sasa, nikipata nafasi nitakuita. Na nafasi aliipata! Alimwita mara nyingi wakazungumza, huku anategea hongo. Miaka miwili ikapita, akaondoka madarakani na kumwacha Paulo kifungoni. Huyo ndiye mtu wa "nitakapokuwa tayari".

Lakini miaka saba si hasara yenyewe. Hasara ni hii, na sijawahi kuiandika hapa.

Jumamosi moja usiku mdogo wangu alikuwa anapiga pasi shati jeupe. Akaniambia bila kuniangalia, "Kaka, kesho nataka kwenda mbele. Twende wote?" Alikuwa na miaka kumi na tisa. Najua ilimgharimu kusema vile, maana aliipitisha pasi kwenye kola ileile mara tatu. Ningesema "twende" tu. Neno moja. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Usikurupuke. Subiri upate amani kwanza."

Maneno ya yule mzee, mkuu. Na upole wake wote nimeuiga.

Akachomoa pasi. Akasema, "Sawa, kaka," akalitundika shati. Kesho yake hakwenda kanisani kabisa, na hajarudi mpaka leo. Mimi nilikuja kubatizwa, na kila nikimgusia habari za wokovu ananicheka: "Bado natafuta amani, kaka." Simlaumu. Nani alimfundisha?

Najua kuna mtu atakuja chini hapa na Luka 14, mtu akitaka kujenga mnara hukaa kwanza ahesabu gharama. Sawa. Akae, ahesabu, ainuke. Hakuambiwa ahamie pale na godoro.

Siku niliyoamua sikuona ishara yoyote. Ilikuwa Jumatano, kichwa kinauma. Nilisali sala ya yule baba wa kwenye Marko 9, naamini, nisaidie kutokuamini kwangu, maana nyingine sikuwa nayo. Nikampigia mchungaji nikamwambia nataka tarehe. Akauliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba uhakika nimeusubiri miaka saba haujatokea, naomba tarehe. Nilitoka majini natetemeka kwa baridi, na mashaka yangu machache yakatoka na mimi, yameloa. Tofauti ni kwamba sasa nayapeleka kwenye maombi, siyapi tena benchi la mwisho.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu: weka tarehe, umwambie mtu asiyeona aibu kukuuliza. Ukiificha moyoni utaisogeza, nakujua, mimi ni wewe.

Kitabu cha kuanzia, Marko, kifupi kile, sura 16. Lakini usije ukasema unamaliza Marko kwanza ndipo uamue! Mtumie mchungaji ujumbe usiku huu, halafu rudi uandike tarehe hapahapa. Kesho asubuhi napita kuiangalia.