Umemaliza IT, uko Tanga, uanzie wapi? Yaliyonikuta mimi

Mleta mada, salaam. Uzi wako nimeusoma mara mbili. Unasema umemaliza shahada ya IT mwaka jana, unakaa kwa mjomba Chumbageni, umetuma maombi zaidi ya 40 kwa barua pepe na hakuna aliyejibu. Wachangiaji waliotangulia, nusu wanakwambia panda basi Kange uende Dar, nusu wanakwambia kasome usalama wa mitandao. Mwisho ukauliza kama ukope ununue laptopu yenye RAM ya GB 16. Nami nilikuwa hapo ulipo miaka tisa iliyopita, tofauti ni kwamba nilikuwa Makorora.

Dar nilienda. Nilikaa Mbagala kwa rafiki yangu miezi mitano, daladala ikamaliza akiba yote. Kazi zipo kule, tena nyingi kuliko huku, usidanganywe. Lakini kila usaili nilioingia nilikuta foleni ya vijana wenye cheti kama changu, na sikuwa na kingine cha kutoa mfukoni. Nikarudi Tanga na basi la jioni, nikaomba Mungu nisikutane na mtu wa mtaani.

Usaili ulionifungua macho ulikuwa hapa hapa, kwenye ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari. Mama mwenye ofisi hakuuliza GPA. Alinipa kipande cha waya wa mtandao na vichwa viwili: "Mwanangu, hebu nifungie huu, wa mezani kwangu umekufa." Miaka mitatu ya shahada, nimechora mitandao kwenye karatasi mpaka nikachoka, na sikuwahi kufunga waya hata mmoja. Akampigia simu fundi wa Ngamiani. Kijana kaja na baiskeli, kidato cha nne, kaufunga na kuupima kabla chai yangu haijapoa. Huku akifunga alikuwa anaimba rangi za nyuzi za ndani ya waya, kwa mpangilio wake: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia.

Nilimfuata nje nikamwomba nimbebee ngazi. Alicheka, alidhani namtania. Nilimbebea miezi miwili, malipo ni chakula cha mchana na nauli. Tulifunga kamera za maduka, tukasafisha kompyuta zilizojaa vumbi, tukapandisha antena Raskazone ambako chumvi ya bahari inakula vichwa vya waya mpaka vinabaki unga wa kijani. Nilijifunza pia kwa aibu: kwenye ghala moja nilivuta waya mita 130 kwa mkupuo, mtandao ukawa unakuja na kuondoka kama umeme wa zamani. Darasani niliandika kabisa kwamba waya wa shaba mwisho wake mita 100, nikapata na alama. Ikabidi turudi tukaweke swichi ya mtandao katikati, kwa gharama yetu. Baada ya hapo nilirudi kwa yule mama, safari hii na krimpa (koleo ya kubania vichwa vya waya) ya kuazima, akaniajiri kwa sh. 250,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo ninachotaka uelewe kuhusu Tanga ni hiki: kazi ya IT huku mara nyingi haitangazwi kwa jina hilo. Hutaona bango la "anatafutwa mwandishi wa programu". Utaona duka la vifaa vya ujenzi ambalo mashine ya risiti ya EFD inasema hivi na daftari linasema vile. Utaona zahanati inayoandikisha wagonjwa kwenye kompyuta halafu inawaandika upya kwenye kitabu kwa sababu hakuna anayeiamini kompyuta. Wakala wa forodha ana mafaili ya Excel kumi na mawili na hajui lipi ndilo la leo. Watu hawa hawajui kwamba wanakuhitaji, na barua pepe zako 40 haziwafikii. Nenda mwenyewe, asubuhi kabla wateja hawajajaa, na usianze na wasifu wako. Anza kwa kuuliza kazi yao inakwendaje. Mimi nusu saa ya kwanza huwa sigusi kompyuta kabisa.

Sasa nikwambie kosa langu kubwa, maana humu watu wanapenda kusimulia ushindi tu. Mwaka wangu wa pili nilimtengenezea mzee mmoja wa duka programu ya stoo na madeni. Ilikuwa nzuri, nilijivunia. Nakala rudufu ilijitengeneza yenyewe kila usiku, ila niliihifadhi kwenye diski ile ile ya kompyuta ile ile. Siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, diski ikafa, na miezi minne ya madeni ikaenda nayo. Mzee hakunifokea. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akaniuliza, "Sasa mwanangu, nani ananidai na nani namdai?" Kilichotuokoa ni daftari la keshia wake, ambaye hakuwahi kuiamini programu yangu na aliendelea kuandika kwa kalamu. Tuliingiza upya kwa wiki mbili, usiku. Tangu siku ile kila mteja wangu ana nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo, na kila mwezi naijaribu kuirudisha nione kama inafunguka. Katika usaili ukiulizwa kuhusu nakala rudufu, eleza unavyoijaribu. Wengi wanaishia kueleza wanavyoihifadhi.

Ujuzi gani basi? Kanzidata kwanza, yaani SQL, lugha ya kuuliza na kubadili data, uijue mpaka uote nayo, kwa sababu kila mfumo utakaokutana nao una meza za data chini yake. Mfumo wa Linux, wa kutosha kuendesha seva. Mitandao, na mikono yako ipite kwenye ruta halisi. Huku utazikuta sana za MikroTik. Kisha lugha moja ya programu. Python au PHP, sitaki ugomvi humu, chagua moja ukae nayo mwaka mzima. Jifunze pia malipo ya simu yanavyounganishwa na mfumo, maana mteja wa Tanga akishaelewa kwamba pesa ya simu inaweza kuingia kwenye vitabu vyake yenyewe, hakuachi. Kozi ya CS50 ya Harvard, ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta, inasomwa bure mtandaoni, na kazi zako ziweke GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, watu wazione.

Usalama wa mitandao ni fani nzuri, lakini ukiuruka mtandao wenyewe utakuwa unalinda nyumba usiyojua milango yake iko wapi. Kuna mlango wa pembeni ambao wengi hawauoni: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zahanati, shule na hoteli zinashika taarifa za watu. Isome sheria yenyewe, iko kwa Kiswahili. Mimi imenipa wateja wawili.

Serikalini usikuache. Jisajili kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, subiri nafasi za Ofisa TEHAMA Daraja la II, na ujiandae na usaili wa mchujo, maana pale nadharia ndiyo inayokata watu. Omba, halafu endelea na shughuli zako.

Kuhusu bomba la mafuta, kila wiki kuna anayeuliza. Ni kweli, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, zinaishia Chongoleani, hapa Tanga, na linakwenda pamoja na mkongo wa mawasiliano. Ila mifumo ya kuongoza pampu na vali ni ya watu wa umeme na vipimo, shahada yetu haikutufundisha hayo. Nafasi yako ni kwa kampuni ndogo zinazozunguka mradi: ofisi zao, kamera zao, mtandao wa kambi.

Na akili mnemba, kwa sababu umeiuliza pia. Itumie. Kijana akija kwangu kujifunza nampa msimbo ulioandikwa nayo, wenye amri ya kufuta rekodi isiyo na sharti, yaani haisemi ifute zipi tu, namwambia auendeshe kwenye kanzidata ya majaribio. Anayeuliza kwanza "hii itafuta zipi?" namwita tena kesho yake.

Laptopu usikope. Nunua iliyotumika, RAM ya GB 8 na diski ya SSD inatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza. Chenji itakayobaki nunua kipima waya, na krimpa yako mwenyewe. Mimi ile niliyoazima sijairudisha mpaka leo, na kila nikipita Ngamiani yule fundi ananipigia kengele ya baiskeli.