Mizani mpya nayo hupotoka

Ndugu yangu wa Kongowea, wauliza vipi mizani yako ya betri, miezi mitatu tu, yasoma gramu 40 zaidi ya ile ya jirani. Usimrukie jirani. Iweke pasawa, mbali na feni, upime jiwe la kilo lenye mhuri wa serikali: katikati, halafu kila pembe. Pima na yake pia. Yenye kosa isifunguliwe na mwenyewe. Iende kwa fundi mwenye leseni, kisha kwa mkaguzi wa vipimo. Upya si hoja. Hata kilo mama iliyowekwa Ufaransa, kigezo cha kilo zote duniani, silinda ya madini ya platini na iridi ya 1889, ilitofautiana na nakala zake kwa takriban mikrogramu 50 ndani ya karne, ikastaafishwa Mei 2019 (sasa kilo hutokana na namba ya Planck, namba ya fizikia isiyobadilika). Yako je, inayorushwa kwenye tuktuk kila alfajiri?