Nta haitoki: kwa wanaoanza kutengeneza viunzi vya mifupa

Mjomba wangu ni mrina asali huko Sikonge. Likizo moja nilikwenda kumsalimia, akataka kujua hasa ninachosomea. Nikamweleza: mtu amevunjika vibaya, kipande cha mfupa kimepotea, sisi tunatengeneza kiunzi chenye matundu cha kuweka kwenye pengo. Mfupa unaota ndani yake, na kiunzi kinaisha taratibu mpaka hakionekani tena. Akafikiri kidogo. "Sasa mbona msizibe na nta? Nta ninayo debe zima."

Nilicheka, nisijue kwamba alikwisha kutanguliwa. Mwaka 1892 daktari mpasuaji wa Uingereza, Victor Horsley, alieleza jinsi ya kutumia nta ya nyuki kuzuia damu inayovuja kwenye mfupa uliokatwa, na nta ya namna hiyo ingali inatumika. Damu inakatika kwa sababu nta inaziba kila kitundu. Tatizo ni kwamba ikiingia haitoki. Mwili hauna namna ya kuivunja, miaka inapita iko palepale, na palipo na nta mfupa hauoti.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukiletewa malighafi na mtu anayeisifia kwa ugumu, muulize inatoka lini, na ikitoka inaacha nini. Mimi swali hilo lilinichukua karibu mwaka mzima, kwa kuwa nilikuwa napima nguvu ya siku ya kwanza tu. Na nguvu yenyewe ya siku ya kwanza haina la kujivunia. Sehemu ngumu ya muundi inahimili mbano wa megapaskali 100 hadi 200, ile ya ndani yenye vitundu ni kama 2 hadi 12, na viunzi vyangu vya mwanzo vilibonyea kwa kidole. Mzigo wa mwili unabebwa na vyuma anavyofunga daktari, kiunzi kikiwa kinafanya kazi yake humo katikati.

Ujue pia unashindana na nini. Pengo tunaloliita kubwa ni lile ambalo mfupa hautaliziba wenyewe hata ukisubiriwa. Mara nyingi huhesabiwa kuanzia urefu wa sentimita 2, na zaidi ya nusu ya mzunguko wa mfupa ikiwa imepotea. Binamu yangu, dereva wa bodaboda, alipata pengo la muundi. Walichota mfupa kwenye nyonga yake wakajazia. Mguu ulipona, lakini anacholalamikia mpaka leo ni nyonga. Kuna na njia ya Ilizarov, daktari wa Kurgan huko Siberia: mfupa unakatwa, unafungwa pete za vyuma, unavutwa milimita 1 kwa siku. Pengo la sentimita 6 ni siku 60 za kuvuta peke yake, halafu miezi ya kusubiri mfupa mpya ukomae. Zinachosha njia hizi, ila zinaponya. Kiunzi chako kisipozishinda kwa lolote, kitabaki kwenye kabati la maabara.

Mazoezi yaanzie kwenye chumvi. Tafuta polikaprolaktoni, polima, yaani aina ya plastiki, ya chenga nyeupe inayolainika kwenye maji ya nyuzi 60, uikande na chumvi, uishindilie kwenye kalibu, ikipoa uiloweke. Chumvi inayeyuka, matundu yanabaki. Mimi nilianza na chumvi ya Uvinza ya kununua sokoni. Kwa kujifunzia inatosha. Kwa kazi ya kweli tumia chumvi safi ya maabara, maana hiyo nyingine inatiwa madini joto. Ichekeche kwa chekecheo mbili ubakize punje za mikromita 300 hadi 500 (mikromita 1,000 ni milimita 1). Tundu lililo chini ya mikromita 100 linaibana seli, na mishipa ya damu hupita kwa raha zaidi kwenye matundu yanayozidi 300.

Sasa sikiliza nilivyoaibika. Nilichanganya gramu 2 za polima na gramu 8 za chumvi, nikaloweka siku tatu, kikatoka kiunzi cheupe kizuri hata nikakipiga picha nikawatumia wa nyumbani. Mwalimu akaniambia, "Kipime." Kikavu kilitakiwa kiwe na gramu 2. Kilikuwa na 3.4. Chumvi ilikuwa bado imejifungia ndani! Upande uliogusa kalibu ulifanya ngozi laini isiyo na matundu, na mimi maji nilikuwa nabadilisha mara moja kwa siku. Nikakwangua ile ngozi kwa wembe, nikawa nabadilisha maji kila baada ya saa chache, ndipo uzito ukashuka. Tangu hapo siamini kiunzi ambacho hakijapanda mizani. Na chumvi usiipunguze kwa huruma: ikiwa kidogo, punje hazigusani, na kila moja inafungwa kwenye chumba chake kisicho na mlango.

Halafu usiandike kwamba kiunzi hicho kina matundu asilimia 80. Hiyo 80 ni ya uzito. Chumvi ni nzito karibu mara mbili ya polima, kwa hiyo ukihesabu kwa ujazo unapata kama asilimia 68. Kosa hili nimeliona hata kwa watu wenye shahada mbili.

Kuhusu kuisha kwake: polikaprolaktoni inakaa zaidi ya miaka miwili. Polima ya asidi ya laktiki na glikoliki, PLGA, ikiwa nusu kwa nusu inaweza kumalizika mwezi mmoja au miwili, kabla pengo kubwa halijaanza kuonyesha mfupa wa maana. Nayo inapovunjika inatoa asidi, na asidi hiyo inaharakisha kuvunjika kwenyewe. Kipande kinene kinaoza kuanzia ndani, kama nguzo iliyoingiwa na mchwa: nje ukiigonga ni nzima, ndani ni tupu. Ndiyo maana wengi wanachanganya na kauri za kalsiamu fosfeti, zinazopoza asidi na kumpa mfupa madini.

PLGA hiyohiyo niliwahi kutumiwa kwa basi hadi Tabora mwezi wa Oktoba. Inaanza kulegea kwenye nyuzi 45 hadi 50, na buti la basi kwa jua la huku unalijua. Ilifika imeshikamana donge moja kama sukari guru. Iagize ikiwa kwenye barafu, itunze kwenye friza penye ukavu, na chupa ukiitoa usiifungue hapohapo. Iache ipate joto la chumba kwanza. Ukiifungua ikiwa baridi inavuta unyevu wa hewani, na unyevu ndio unaoivunja.

Kinachobaki kigumu ni damu. Seli ikiwa mbali na mshipa zaidi ya mikromita 200 hivi, inakosa hewa. Kiunzi cha milimita 5 kwenye sungura kinapendeza kwenye picha. Kikuze kiwe sentimita 6 na katikati yake panakufa njaa kabla mishipa haijafika. Ukisoma matokeo ya mtu, angalia kwanza ukubwa wa pengo lake, kisha aina ya mnyama, ndipo usome mengine.

Mjomba naye hakukosea sana. Wapo wanaotumia vipira vya nta ya parafini badala ya punje za chumvi: wanavipasha kidogo vishikane, wanamimina polima, kisha wanaiyeyusha nta yote itoke, na pale viliposhikana panabaki milango. Nilipomweleza akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kilo wananunua shilingi ngapi.