Usimwachie mhasibu wa nje aweke barua pepe yake kwenye iTax

Dadangu wa spea za pikipiki Kondele, simama hapo hapo. Umesema kuna jamaa atakufanyia vitabu, VAT (kodi ya mauzo) na PAYE (kodi ya mishahara ya wafanyakazi) kwa nusu ya mshahara wa karani, na anachotaka ni paswadi ya iTax, ule mtandao wa kodi wa KRA, mamlaka ya mapato, halafu hela ya kodi umtumie kwa simu yake kila mwezi usisumbuke. Usimtumie hata shilingi.

Mimi nina hardware hapa Nakuru, na maneno hayo niliambiwa vivyo hivyo na mhasibu wa nje niliyempa kazi kwanza. "Ukishanipa kazi, KRA ni shida yangu. Wewe uza simenti." Ni uongo. Ukitoa kazi nje, inayotoka ni kazi tu, deni linabaki kwako. PIN, ile namba ya mlipakodi, ni yako na faini inaandikwa jina lako, hata kama aliyekosea ni mtu unayemlipa.

Kila mwezi nilimtumia hela ya VAT, naye ananijibu, "Tumefaili, bosi," yaani ritani, ile taarifa ya kodi ya mwezi, imeshatumwa KRA. Kisha nikapata oda ya mabati ya shule moja huko Njoro, wakaitisha cheti cha kulipa kodi. Cheti kikakataa kutoka. Huduma Centre, binti wa KRA akanigeuzia skrini nijionee: miezi mingine ritani ya sifuri, mingine hakuna kitu kabisa. Lori linashusha simenti kila wiki, na kwenye iTax duka halijauza hata msumari! Akashuka chini kidogo, akanionyesha barua pepe iliyosajiliwa. Si yangu. Ilani zote za KRA zilikuwa zinamwendea yule yule aliyekula hela, na hata paswadi sikuweza kubadilisha kwa sababu ujumbe wa kuibadilisha unatumwa huko huko.

Sasa piga hesabu. PAYE inafailiwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, VAT tarehe 20. Ukichelewesha ritani ya VAT, faini ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. PAYE ni 10,000 au asilimia 25. Hiyo ni kwa kila mwezi ulioruka. Kodi ambayo haikufika nayo inaongezwa asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kodi niliyokwisha kuitoa mfukoni nililipa tena, na hayo yote juu yake. Oda ya shule ikaenda kwa mwingine. Huyo mhasibu alizima simu, na aliyenipeleka kwake, mtu tunayesali naye, kumbe alikuwa akipewa kamisheni kwa kila duka analoleta. Hilo bado linaniuma kuliko faini.

Usidhani pia kwamba huyo jamaa wako atakuondolea kazi yote. Tangu Januari 2024, manunuzi yasiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, hayakubaliwi kama gharama unapopigiwa kodi. Yeye hatakuja kukaa Kondele amdai ankara anayekuletea tairi na cheni. Ni wewe utakayemdai, pale pale mzigo unaposhuka.

Sikatazi kutoa kazi nje. Hata sasa vitabu vyangu viko kwa mhasibu wa nje, na anafanya kazi safi. Lakini barua pepe na namba ya simu zilizo kwenye iTax ni zangu. Yeye anatayarisha ritani na kunitumia PRN, ile namba ya kulipia kodi, mimi nalipa mwenyewe moja kwa moja kwa KRA. Halafu ananipa risiti ya ritani iliyotoka iTax, naifungua na kusoma kiasi kilichoandikwa. Ujumbe wa "tumefaili" siupokei tena kama ushahidi.

Kabla hujampigia huyo jamaa, ingia iTax leo uangalie barua pepe iliyosajiliwa ni ya nani. Ikiwa si yako au paswadi inakataa, beba kitambulisho uende Huduma Centre kesho asubuhi, ibadilishwe kwanza.